Geuza Nishani Uone Mgongo Wake

Msomaji mpenzi, karibu kila nyumba hapa kwetu ina mkebe wake. Huenda ukawa mkebe wa biskuti ulioshika kutu, au sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda cha mama. Ndani yake mna stakabadhi za shamba, kipande cha enzi za ukoloni, pete ambayo mwenyewe alikwisha tangulia mbele ya haki, na picha za watu ambao majina yao hayakumbukwi tena na yeyote. Sisi pia tunao mkebe wetu. Ulinifikia mimi, kwa kuwa ndimi kifungua mimba, tulipomaliza matanga ya baba. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, tulikuta nishani ya babu.

Babu alikuwa askari wa KAR. Aliondoka Ukambani akiwa kijana ambaye ndevu hazijakomaa, akapelekwa Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huku mvua ikinyesha mchana na usiku. Yeye alibahatika kurudi. Alilima, akaoa, akapata watoto, akafariki kabla mimi sijaanza shule. Picha yake hatuna hata moja.

Basi binti yangu mdogo, aliye Gredi ya 5, aliichukua ile nishani akaisugua kwa upindo wa nguo. Akaiinua dirishani kwenye mwanga.

"Baba, huyu ndiye babu yako? Kumbe alikuwa akivaa taji!"

Tulicheka sote. Nikamweleza kuwa huyo si babu, ni Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mtoto akaigeuza. Upande wa pili kuna simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na juu yake miaka 1939 na 1945.

"Na huyu simba ndiye babu?"

"La, mwanangu. Nafikiri simba ni Uingereza."

"Basi babu yuko wapi?"

Msomaji, nimefundisha miaka mingi, lakini swali hilo lilinishinda.

Ndugu yangu mdogo, yeye hakuwa na shida ya maswali. Alikuwa amempata mtu mjini anayenunua vitu vya kale, na mtu huyo alikuwa tayari kutoa fedha taslimu. Mwanawe ndugu yangu alikuwa anangojea kuingia chuoni na karo haijatimia. "Kaka," akaniambia, "uso ni wao, simba ni wao, hata maandishi ni ya Kilatini. Sisi chetu hapo ni kitu gani?" Sikuwa na jibu la kumpa yeye pia. Nikamwomba mwezi mmoja. Siku iliyofuata nikaenda maktaba kutafuta maana ya simba na joka lake, na vitabu vikanirudisha nyuma zaidi ya miaka 500, hadi nchi ya Italia. Leo nataka twende huko pamoja, wewe nami, kisha nitakueleza nishani ya babu iliishia wapi.

Katika karne ya 15, zama ambazo wasomi huziita Renaisansi, yaani kuzaliwa upya, matajiri na wasomi wa Italia walishikwa na hamu ya kukusanya sarafu za Warumi wa kale. Walipozitazama waliona nyuso za makaisari: pua, kidevu, shingo, kila kitu kwa upande mmoja wa uso. Makaisari wenyewe walikuwa wamekufa zaidi ya miaka elfu moja, majumba yao yameporomoka, lakini nyuso zao bado zinajulikana kwa sababu ya vipande vya madini vinavyoenea kiganjani. Bila shaka kila mtawala aliyeishika sarafu kama hiyo alijiuliza: Je, mimi nami nitakumbukwa kwa nini?

Mchoraji mmoja kwa jina Pisanello ndiye aliyewapa jibu. Mwaka 1438 Kaisari Yohana wa Nane wa Konstantinopoli aliwasili Italia. Hakuja kutembea. Waturuki walikuwa wamemeza karibu himaya yake yote, naye alikuja kuzungumza na Papa ili makanisa ya Mashariki na Magharibi yaungane, na wafalme wa Magharibi wapate kumletea msaada. Pisanello alimwona, akamtengenezea nishani ya shaba nyeusi yenye upana wa sentimita 10 hivi. Wasomi wengi huihesabu kuwa ndiyo nishani ya kwanza ya aina hii katika zama hizo.

Upande wa mbele anaonekana Kaisari, ndevu zimechongoka, kichwani amevaa kofia ndefu yenye ukingo uliotokeza mbele kama mdomo wa ndege. Sasa geuza. Upande wa nyuma Kaisari yuleyule amepanda farasi, lakini amesimama njiani mbele ya msalaba, mikono ameiunganisha akisali. Kando yake yuko mpanda farasi mwingine ambaye ametupa mgongo. Mbele ni fahari. Nyuma ni mtu aliye safarini, anayeomba. Mapatano ya makanisa yalitiwa sahihi Florence mwaka 1439, lakini msaada uliopatikana haukutosha, na mwaka 1453 Konstantinopoli ikaanguka mikononi mwa Waturuki. Himaya ilikwisha. Nishani ingali ipo.

Hebu nikueleze nishani hizo zilivyotengenezwa, kwani wahenga hawakukosea waliposema usione vyaelea, vimeundwa. Fundi alianza kwa nta. Aliuchonga uso katika nta laini, akafanya kalibu kutokana na umbo hilo, kisha akamimina madini yaliyoyeyushwa. Yalipopoa alikwangua na kung'arisha. Nishani haikuwa sarafu. Hungeweza kununulia mkate. Ilikuwa zawadi: mtawala aliwapa mabalozi, rafiki, wakwe, na watu aliotaka wamwonee fahari. Ilipita mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea alifanya kama alivyofanya binti yangu. Aliitazama mbele, kisha akaigeuza.

Na hapo ndipo penye siri yote, msomaji. Upande wa mbele unakuambia, "Hivi ndivyo nilivyo." Upande wa nyuma unakuambia, "Na hivi ndivyo nataka uniamini kuwa nilivyo." Mambo haya mawili, kama unavyojua mwenyewe, si mara zote hulala kitanda kimoja.

Chukua nishani ya Leonello d'Este, mtawala wa Ferrara, ambayo Pisanello aliitengeneza mwaka 1444 Leonello alipomwoa binti wa Mfalme Alfonso wa Naples. Jina Leonello maana yake ni simba mdogo. Geuza nishani, utamkuta simba mzima, mwenye manyoya shingoni, amesimama kama mwanafunzi mtiifu. Mbele yake yuko mtoto mwenye mabawa, naye ni Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale. Mtoto huyo ameshika karatasi yenye noti za muziki, anamfundisha simba kuimba! Maana yake haihitaji mkalimani: hata simba, mapenzi yakimpata, huacha kunguruma. Nilipomwonyesha mke wangu picha hiyo alisema kwamba yeye angependa kuiona nishani ya miaka kumi baada ya arusi.

Baba mkwe naye, Mfalme Alfonso, alikuwa na nishani zake. Aliiteka Naples mwaka 1442 baada ya vita vya miaka mingi. Katika nishani ya mwaka 1449, iliyotengenezwa na Pisanello huyohuyo, kichwa cha mfalme kimewekwa katikati ya kofia ya vita na taji, na maandishi yanamwita mshindi na mleta amani. Ukiigeuza unamwona tai mkubwa ametua juu, chini yake amelala mnyama mfano wa paa, amekwisha kufa, na ndege wengine wadogo kwa tai wamezunguka wakingojea. Maneno ya Kilatini yanasifu ukarimu wa kifalme. Watu wa zamani waliamini kwamba tai hali mawindo yake peke yake, huwaachia ndege wengine sehemu. Basi mfalme alikuwa anasema: Mimi ni tai, na wanaonifuata hawatalala njaa.

Picha nzuri mno. Lakini mimi, nilipoitazama tena usiku, jicho langu halikukaa kwa tai wala kwa wale ndege. Lilikaa kwa paa. Ukarimu wote ule umetoka mwilini mwake, naye hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo, kila nitazamapo nishani ya mtawala, namtafuta paa yuko wapi.

Kulikuwa na mtawala mwingine, Sigismondo Malatesta wa Rimini, ambaye ukoo wake ulijitambulisha kwa ndovu. Fundi Matteo de' Pasti alimweka ndovu nyuma ya nishani yenye uso wa Isotta, mpenzi wa Sigismondo, inayobeba mwaka 1446. Ukoo huo ulikuwa na msemo wa Kilatini usemao kwamba ndovu wa Bara Hindi haogopi mbu. Sisi tuliokulia karibu na ndovu halisi tungewaambia kuwa heri mbu kuliko nyuki, lakini tuwaache, kwani ishara haitaki ukweli wa porini. Ishara hutaka tu kile ambacho watazamaji wamekwisha kukiamini.

Kwa hakika hilo ndilo lililompata mnyama mmoja mdogo aitwaye salamanda, anayefanana na mjusi. Watu wa Ulaya waliamini kwamba anaweza kuishi ndani ya moto bila kuungua, na hata kuuzima kwa ubaridi wa mwili wake. Mwaka 1504 ilitolewa nishani ya mtoto wa Kifaransa aliyeitwa François. Umri wake ulikuwa miaka 10. Nyuma ya nishani yuko salamanda katikati ya ndimi za moto, pamoja na maneno yanayosema kwamba hulisha moto mwema na kuuzima ule mbaya. Mtoto huyo alikuja kuwa Mfalme Francis wa Kwanza mwaka 1515, na salamanda wake bado wamechongwa kwenye kuta na dari za jumba la Chambord. Lakini fikiria, mzazi mwenzangu, mtoto wa miaka 10! Je, ni yeye aliyeichagua ishara ile, au ni wakubwa waliomzunguka? Nasi pia huwavisha watoto wetu salamanda. Huyu atakuwa daktari, yule atakuwa rubani. Tofauti ni kwamba sisi hatuyaandiki kwenye shaba.

Tuvuke sasa twende Uingereza. Malkia Mary wa Kwanza aliolewa mwaka 1554 na Philip, mwana wa mfalme wa Uhispania, na katika miaka hiyohiyo fundi wa Kiitaliano Jacopo da Trezzo aliwatengenezea kila mmoja nishani yake. Ya malkia ni ya kupendeza sana. Mbele amevaa mavazi ya kifahari na kipuli cha lulu kifuani. Nyuma ameketi mwanamke ambaye ndiye Amani. Mkono mmoja ameshika matawi, na mkono wa pili ameshika mwenge anaochomea rundo la silaha. Upande mmoja wako watu wanaoteseka katika dhoruba. Maandishi yanasema: kuona kwa vipofu, utulivu kwa waoga.

Amani inachoma silaha kwa moto. Nani asiyependa? Lakini tangu Februari 1555 hadi malkia alipofariki mwaka 1558, moto uliowashwa kwa amri ya serikali yake uliwateketeza Waprotestanti karibu 300 wakiwa hai, kwa sababu ya imani yao. Sisemi kwamba fundi alikuwa mwongo. Huenda malkia mwenyewe aliamini kabisa kuwa yeye ndiye yule mwanamke aliyeketi. Ninachosema ni kwamba nishani ilionyesha mwenge mmoja ikaficha mwingine. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo.

Mumewe Philip, katika nishani ya mwaka 1555, alichagua jua. Nyuma yake gari la jua linavutwa na farasi likipita angani, na maneno yanatangaza kwamba sasa ataviangaza vitu vyote. Mwaka uliofuata akawa mfalme wa Uhispania. Baadaye, alipokwisha kuutwaa Ureno pia, ikatolewa nishani nyingine: farasi anaruka juu ya dunia, na maneno yanasema kwamba dunia haitoshi.

Usidhani, msomaji, kwamba hayo yalikuwa mambo ya mbali yasiyotuhusu. Dunia hiyo isiyotosha ilikuwa na Mombasa ndani yake. Alipoushika Ureno, Philip alirithi na vituo vya Wareno vya pwani yetu, na ilikuwa katika utawala wake, mwaka 1593, ndipo ujenzi wa Fort Jesus ulipoanza, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Ukienda Mombasa likizo ijayo na watoto, wasimamishe mbele ya zile kuta, uwaambie kwamba mwenye kuzijenga alikuwa na nishani ya jua liangazalo kila kitu. Kisha waulize ni nani waliobeba mawe. Ngome yenyewe ilimponyoka Mreno mwaka 1698 Waomani walipoiteka. Jua nalo huchwa.

Wa mwisho ni Malkia Elizabeth wa Kwanza, mdogo wake Mary kwa baba. Mwaka 1588 Philip huyohuyo alituma kundi kubwa la manowari ili kuivamia Uingereza, likashindwa na kutawanywa na upepo. Wakati huo Elizabeth alikuwa na miaka 54. Nishani yake ya siku hizo ina kitanzi cha kuitundikia, ili mtu mwaminifu aivae shingoni. Uso wake haukugeuzwa upande kama wa makaisari, bali anakutazama machoni. Nyuma kuna kisiwa, na juu ya kisiwa umesimama mti mmoja wa loreli, aina ile ambayo Warumi walisukia mataji ya washindi. Dhoruba inavuma, radi inapiga, mti hautikisiki. Iliaminiwa kwamba loreli haipigwi na radi. Maandishi yanasema kwamba hatari zenyewe haziugusi.

Unaona werevu wake? Malkia hakujiita simba wala tai. Alijiita mti, na chini ya mti watu wote hupata kivuli. Hata hivyo, mabaharia waliopigana vita vile, wengi waliugua na kufa bandarini baada ya ushindi, mishahara yao haijalipwa. Wao hawakuwa juu ya kisiwa cha nishani. Paa yuleyule, safari hii kafichwa baharini.

Nilirudi nyumbani na daftari langu, nikaitoa nishani ya babu na kuiweka mezani. Sasa niliweza kuisoma. Mfalme wa upande mmoja wa uso, kama makaisari wa Roma. Maandishi ya Kilatini yanayomtaja kuwa mfalme kwa neema ya Mungu na kaisari wa India, na India yenyewe ilijipatia uhuru mwaka 1947. Nyuma, simba ni Uingereza na joka la vichwa viwili ni maadui wake wa magharibi na mashariki. Miaka 500 imepita tangu Pisanello, na lugha ni ileile. Ndugu yangu alikuwa amesema kweli: uso ni wao na simba ni wao.

Jumapili iliyofuata tulikutana kwa mama. Nikawaeleza yote niliyosoma, na binti yangu akarudia swali lake, safari hii kwa nyanya yake. "Nyanya, babu yuko wapi hapa?"

Mama hakujibu mara moja. Aliichukua nishani, akaipima uzito kiganjani. Kisha akatuambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia, kwa kuwa hatukuwahi kumuuliza.

"Mkwe wangu hakumpenda huyu simba," alisema. "Nilipoolewa nilimuuliza maana yake. Akaniambia, 'Mwanangu, kule mimi sikuona simba wala joka. Niliona matope na ruba, na nikamzika kijana mwenzangu tuliyetoka naye kijiji kimoja. Nilipopata mtoto wa kiume nikampa jina lake, kwani yeye hakuacha mtoto.' Mtoto huyo ndiye baba yenu."

Nyumba ilinyamaza. Msomaji, jina la baba ndilo jina letu la ukoo. Ndilo lililo kwenye kitambulisho changu, kwenye cheti cha ndugu yangu, na kwenye barua ya chuo ya yule kijana tuliyekuwa tukimtafutia karo. Miaka yote hiyo tulikuwa tumebeba jina la mtu aliyelala Burma, na hakuna aliyejua.

Ndugu yangu alikuwa wa kwanza kusema. "Hiyo haiuzwi," akasema, akatoka nje kidogo.

Karo tuliichanga, kama familia nyingine zinavyochanga. Haikuwa rahisi, na deni moja bado ninalo. Lakini jambo moja lilinisumbua. Wajukuu wetu watakaoukuta mkebe watamwona mfalme na simba tu, nao watauliza swali lilelile, na pengine mama hatakuwepo wa kuwajibu. Ndipo nikakumbuka kwamba nishani ina mahali pa tatu ambapo sikuwa nimepaangalia. Una uso, una mgongo, na katikati yake una ukingo mwembamba unaouzunguka mduara wote. Wa nishani yetu ulikuwa mtupu.

Nilimpigia simu yule mnunuzi kumwambia kwamba hatuuzi, na nikamweleza ninalotaka kufanya. Alishtuka. "Mwalimu, usithubutu! Ukiandika kitu hapo, bei inaanguka kabisa."

Nikamshukuru. Ni neno hilo lililonimalizia shaka.

Kuna fundi mjini anayeandika majina kwenye vikombe vya michezo. Nilimpelekea nishani, nikamwandikia kwenye karatasi majina mawili, la babu na la mwenzake. Aliniuliza kama nataka aongeze picha yoyote, nyota au ngao, kwa kuwa ana kalibu nyingi nzuri. Nikamwambia hapana, majina yanatosha. Kazi ilichukua muda usiozidi wa kunywa chai.

Kabla ya kukuaga, tia mkono mfukoni utoe sarafu ya shilingi 20, zile zilizotolewa Desemba 2018. Utamwona ndovu. Kwenye shilingi 10 yuko simba. Huoni uso wa rais yeyote, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu binafsi kwenye fedha zetu. Upande wa uso tuliufuta, tukabaki na ishara. Mimi naona ni jambo jema, lakini ishara nazo hazijisemi zenyewe. Siku yoyote utakayopewa nishani, kikombe, bango la uchaguzi au kalenda yenye mtu anayetabasamu, fanya kama alivyofanya mtoto wa Gredi ya 5. Itazame mbele, igeuze nyuma, kisha uulize ni nani hayumo.

Na jioni ya leo, baada ya chakula, ushushe mkebe wenu. Mwite mama, mwite nyanya, mwite yeyote mwenye umri ambaye Mungu bado amemwacha nanyi. Muulize sasa. Sisi tulikuwa tumekaribia kuuza jina letu wenyewe bila kujua kwamba liko mezani.